Ananakili vizuri lakini hasomi: mtoto aliyekosa makao wakati wa korona

"Mwalimu, pokea salamu zangu. Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu. Alianza Gredi ya 1 Januari 2020, na Machi shule zikafungwa. Mei nyumba yao Kariobangi ikabomolewa pamoja na za majirani. Tangu hapo dada alihangaika naye huku na huko: kwa rafiki, kanisani, kwenye kibanda cha mtu, na kuna nyakati walilala nje. Mtoto alirudi shule 2021 muhula ukiwa katikati, kisha akabadilisha shule mara kadhaa. Dada alifariki mwaka juzi, nikamchukua. Sasa ana miaka 12, yuko Gredi ya 6. Madaftari yake yamejaa na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa wanangu, lakini juzi nilimpa barua ya shule anisomee, akashindwa. Mwalimu wa darasa anasema ni mvivu. Mume wangu anataka tumrudishe Gredi ya 4, jirani anasema tuisheni au bweni. Shule nayo inadai cheti cha kuzaliwa, ambacho kilipotea siku ya bomoabomoa. Je, tumechelewa? Ama kichwa chake ndicho kizito?"

Dada yangu, pole sana kwa kumpoteza ndugu yako, na ahsante kwa kumpokea mtoto wake. Umeuliza kama mmechelewa na kama kichwa chake ni kizito. Nitaanza na kichwa, maana jibu la hapo ndilo litakaloamua mengine yote: akae darasa gani, mumlipie nani, mumpeleke wapi.

Mtoto aliyekaa darasani miaka yote hii bila kujua kusoma, akajaza madaftari, akavuka gredi baada ya gredi na asigunduliwe, hawezi kuwa na kichwa kizito. Ana jicho kali na kumbukumbu nzuri. Anachofanya mbele ya ubao ni kuchora: anatazama umbo la herufi, analihamishia daftarini, anarudi kuchukua jingine. Ukitaka kuhakikisha, mfungulie daftari lake mwenyewe, ukurasa wa wiki jana, umwombe asome mstari wa kwanza. Watoto wa namna hii mara nyingi hushindwa kusoma walichokiandika kwa mkono wao wenyewe. Utakuta pia kwamba maswali ya mdomo anayajibu vizuri kwa sababu anasikiliza sana, na kwamba anajua ni rafiki gani wa kukaa karibu naye. Hizo ni mbinu za mtoto anayeficha aibu, na kuzibuni kunahitaji akili.

Sasa tutazame alichokosa. Shule zilifungwa nchi nzima katikati ya Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa tarehe 13. Mtoto wenu alikuwa na wiki kumi hivi za Gredi ya 1. Katika wiki kumi mtoto hujua irabu na konsonanti kadhaa, huunganisha ba, be, bi, na huanza maneno mafupi kama baba na kaka. Masomo yakakatika hapo hapo. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 waliitwa tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Wenzake wadogo walisubiri hadi Januari 2021.

Bado nasikia watu wakiuliza, "Si masomo yaliendelea redioni?" Ni kweli, Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilirusha vipindi redioni na kwenye televisheni, na masomo mengine yakawekwa mtandaoni. Lakini sensa ya 2019 ilikuwa imeshaonyesha kwamba ni asilimia 56.9 tu ya nyumba za Kenya zilizokuwa na redio, asilimia 40.7 zilikuwa na televisheni inayofanya kazi, na asilimia 17.9 ndizo zilizokuwa na intaneti. Na hata penye redio, redio haimfundishi mtoto wa miaka sita kuunganisha silabi. Anahitaji mtu wa kuketi naye, aone kidole chake kimesimama kwenye herufi gani. Hapo tunazungumzia watu wenye nyumba. Mei ile, mvua ikinyesha, Nairobi ikiwa imefungwa watu wasitoke wala kuingia, maelfu walibomolewa nyumba Kariobangi, na siku chache baadaye Ruai. Kafyu ilianza saa moja jioni. Mama aliyekuwa akishinda akitafuta pa kumlaza mtoto kabla ya saa hiyo hakuwa na nafasi ya kumketisha asikilize kipindi cha Kiswahili. Na shule ilipofungwa, watoto wengi wa mitaa hiyo walipoteza pia mlo uliokuwa wa uhakika zaidi katika siku yao.

Kwa hiyo si kweli kwamba watoto wote walipoteza miezi tisa ile ile. Kuna aliyekaa na mama aliyesoma, vitabu mezani, na kaka mkubwa wa kumsahihisha. Kuna ambaye shule yake ya mtaani, ile ya kulipia ada ndogo vibandani, ilishindwa kodi ya majengo na haikufunguliwa tena. Mtoto asiye na makao naye mara nyingi haonekani kabisa. Serikali ilipohesabu familia za mitaani mwaka 2018 ilipata watu 46,639, lakini anayelala leo sakafuni kwa rafiki na kesho kanisani si rahisi kuingia katika hesabu ya aina hiyo. Mwalimu anayempokea hajui kwamba mtoto hana makao. Anachokiona ni mtoto anayechelewa, asiye na sare, ambaye kazi ya nyumbani haifanyi na mzazi wake hafiki mkutanoni.

Lakini miezi tisa peke yake haitoshi kueleza kwa nini mtoto wa Gredi ya 6 hasomi. Kuna utafiti mmoja ninaoutaja kila ninapopata nafasi. Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga kaskazini mwa Pakistani. Shule zilifungwa kwa wastani wa wiki 14 hivi. Watafiti walipokwenda kuwapima watoto miaka minne baadaye, familia nyingi zilikuwa zimeshajiinua, lakini watoto waliokuwa karibu na ufa wa ardhi uliosababisha tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo. Wiki 14 zimegeuka mwaka na nusu! Waliosalimika na pengo hilo ni watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza shule ya msingi. Maelezo yanayowezekana ni haya: shule zilipofunguliwa, walimu waliendelea na silabasi kama vile watoto wameijua ile ya nyuma. Aliyekuwa na mtu nyumbani wa kumwelekeza alifidia. Asiye na mtu alikuwa akiachwa nyuma zaidi kila siku aliyohudhuria.

Huku kwetu hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kalenda ilikimbizwa. Mihula ilifupishwa, mwaka wa masomo ukabanwa kuwa wiki 30 hivi. Gredi ya 1 iliyoanza Januari 2020 ilimalizika katikati ya Julai 2021, na Gredi ya 2 ikaanza tarehe 26 Julai, siku kumi baadaye. Mtoto wenu aliingia katika mbio hizo akiwa amekuja katikati ya muhula, kutoka mahali pasipo na kitanda. Kisha ikafika Gredi ya 4, ambapo mafundisho ni kwa Kiingereza na kila somo linadai usome ndipo ujifunze. Tangu hapo hakuanguka katika kusoma tu. Sayansi, Kilimo, hata Hisabati za maelezo zilimponyoka, ingawa huenda anazielewa ukimweleza kwa mdomo.

Kuhusu uvivu, nitakuwa wazi: simlaumu mwalimu, maana anaweza kuwa na watoto zaidi ya 60 mbele yake, lakini neno hilo si sahihi. Mtoto aliyeishi miaka bila kujua atalala wapi hujifunza kukaa macho. Masikio yake yako mlangoni, usingizi wake ni wa mang'amung'amu, na akili inayolinda usalama haina nafasi ya kushika mambo mapya. Anaposinzia saa tano, au kutazama dirishani, au kuomba kwenda msalani kila somo la kusoma linapoanza, anachoka au anakimbia aibu. Kumwita mvivu mbele ya wenzake kunampa sababu nyingine ya kuficha.

Kabla hamjaamua lolote, mpimeni nyumbani. Chagua saa ambayo wanao hawapo karibu. Chukua kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 2, mwachie asome aya moja polepole, wewe usikilize tu bila kumsahihisha. Kisha fanya hivyo hivyo kwa Kiingereza. Ni mitihani miwili tofauti. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Anayezijua silabi anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakina huruma hiyo. Akisoma Kiswahili akakwama Kiingereza, tatizo lake ni dogo kuliko mnavyodhani. Akikwama Kiswahili, sikiliza anakwama wapi. Akiona mkulima akasema "mkubwa", au kiatu akasema "kitabu", anashika herufi za mwanzo na kubahatisha zilizobaki, kwa hiyo silabi hazijakaa. Akisoma baba na kalamu vizuri lakini akasimama kwenye ng'ombe, kunywa au mchwa, silabi nyepesi anazo, na kilichokatika ni zile za konsonanti zilizounganishwa, ambazo kwa kawaida hufundishwa baada ya zile nyepesi. Yaani baada ya Machi 2020.

Sasa tuje kwenye mapendekezo mliyopewa. Kumrudisha Gredi ya 4 naelewa kwa nini mume wako analiona jambo la busara, na kuna mtoto ambaye humsaidia, kama yule aliyeugua mwaka mzima lakini anasoma. Mtoto wenu shimo lake liko Gredi ya 1 na ya 2. Vitabu vya Gredi ya 4 vitamshinda kama vya Gredi ya 6, isipokuwa sasa atakuwa mkubwa kuliko wote darasani na amewapoteza rafiki zake, yeye ambaye ameshapoteza watu na mahali pengi. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumrudisha mwanafunzi darasa. Mimi singemrudisha.

Tuisheni inategemea inafundisha nini. Nyingi hurudia karatasi za mitihani ya Gredi ya 6, na hapo mtalipa pesa ili aendelee kunakili mahali pengine. Mkimpata mwalimu wa madarasa ya chini, aliye kazini au aliyestaafu, anayekubali kuanza na silabi bila kuona haya, huyo mlipeni. Bweni silipendekezi kwa sasa. Ameanza juzi tu kuwa na mlango anaoujua, na katika bweni la watoto wengi hakuna atakayeketi naye na kitabu cha Gredi ya 1.

Kinachofanya kazi kina jina la kawaida tu, kumfundisha mtoto kwa kiwango chake. Shirika la Pratham la India limefanya hivyo kwa miaka mingi: kwa saa moja hivi kila siku watoto hupangwa kwa kiwango cha kusoma badala ya umri au darasa, na utaratibu huo umepimwa vizuri na kuenea hadi nchi za Afrika. Wala mtoto wenu si kisa cha ajabu. Tangu kabla ya korona, vipimo vya Uwezo, mradi wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, vilikuwa vikionyesha kwamba ni watoto 3 hivi kati ya 10 wa darasa la tatu nchini Kenya walioweza kazi ya darasa la pili.

Nyumbani fanyeni nusu saa kila siku, saa ile ile, mtu yule yule. Nenda kwa mwalimu mkuu umwombe vitabu vya Kiswahili vya Gredi ya 1 na 2 vya Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha watoto kusoma. Vilisambazwa shule za umma nchini kote kuanzia 2015, na shule nyingi huwa na nakala stoo. Anza dakika chache na silabi anazozikosa, kisha maneno yenye silabi hizo, kisha hadithi fupi ambayo mnaisoma mara ya kwanza wewe, mara ya pili pamoja, mara ya tatu yeye peke yake. Akikosea neno, mwelekeze kwenye silabi, usimtajie neno lote. Mwisho akuandikie sentensi moja ya kwake mwenyewe, isiyonakiliwa popote, hata kama ni "Leo nimekula chapo." Usijali makosa ya tahajia. Kama anaona aibu kushika kitabu cha watoto wadogo, mwambie amsomee mdogo wa nyumbani kabla ya kulala. Hapo kitabu kinakuwa cha mdogo, na anayesoma ni kaka mtu. Kiingereza kisubiri kidogo, hadi Kiswahili kitiririke, isipokuwa maneno machache ya kila siku.

Mtoto mwenye umri wake, akifundishwa hivyo bila kukosa, huanza kuonyesha mabadiliko ndani ya muhula mmoja. Hatakuwa amewafikia wenzake wote kufikia KPSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 6, na sitaki mjipe matumaini hayo. Lakini KPSEA haimzuii mtoto kuingia Gredi ya 7. Matokeo yake hayatumiki kumchuja hapo. Msiache hofu ya mtihani iwarudishe kwenye kukariri.

Ukienda shuleni, usiende kugombana kuhusu neno mvivu. Mwombe mwalimu wa darasa mambo machache anayoweza: amsomee maswali kwa sauti anapotaka kujua kama ameelewa Sayansi, asimwite kusoma mbele ya darasa bila kumwandaa, na amketishe mbele. Mweleze pia kwamba mtoto alikosa makao, ila zungumzeni nyinyi wawili, mahali pa faragha. Kama mko Nairobi na shule yake iko katika mpango wa Dishi na County, hakikisha amesajiliwa. Chakula cha mchana kwa shilingi tano ni msaada mkubwa kwa mtoto huyu kichwani, si tumboni pekee.

Cheti cha kuzaliwa kinamhangaisha mwalimu mkuu kwa sababu ya pesa na usajili. Bila namba ya cheti mtoto ni vigumu kuingizwa katika mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na asiyesajiliwa hahesabiwi katika mgao wa serikali, ambao kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Lakini haki yake ya kusoma haianzi na karatasi hiyo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kwa hiyo aendelee kuhudhuria wakati mnafuatilia. Kama cheti kiliwahi kutolewa, nendeni ofisi ya usajili wa vizazi na vifo au Huduma Centre kuomba nakala. Jina kamili la mama na tarehe ya kuzaliwa vitasaidia kukipata. Kama hakikutolewa, mtaomba usajili wa kuchelewa. Tafuta kijitabu cha kliniki, kadi ya ubatizo, au urudi hospitali alikozaliwa wakutafutie rekodi. Beba cheti cha kifo cha dada yako, nakala ya kitambulisho chake ikiwepo, chako mwenyewe, na barua ya chifu. Wakati huo huo pita kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, uandikishe kwamba wewe ndiwe mlezi. Kuna siku hospitali au shule itakuuliza una mamlaka gani juu ya mtoto, na utataka kuwa na jibu lililoandikwa.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyapima kwa barua. Mpeleke apimwe macho na masikio mwezi huu, kabla ya kulipa tuisheni yoyote. Kama anakojoa kitandani, anapiga kelele usingizini, amejitenga kabisa, au amesema maneno ya kutaka kufa, usingoje kusoma kuimarike. Mpeleke hospitali ya kaunti aonane na mshauri. Maneno ya kutaka kufa yanahitaji kushughulikiwa siku hiyo hiyo, na simu ya watoto 116 hupigwa bure saa zote. Na kama baada ya muhula mzima wa nusu saa za kila siku bado herufi zinamchanganya, anasahau leo silabi alizozijua jana, mpelekeni kituo cha tathmini ya elimu, EARC, katika kaunti yenu, apimwe kama ana ugumu wa kujifunza unaohitaji msaada maalumu. Mkienda, bebeni ripoti zote za shule mlizonazo na mwelezeni mpimaji miaka ile kuanzia 2020, hatua kwa hatua, maana asiyejua historia hiyo anaweza kuandika kasoro ya mtoto mahali ambapo mtoto hakuwahi kufundishwa.